NAULI IMESHUKA, MZIGO UMEPANDA

Maneno haya yalisemwa na ndugu yetu mmoja, karani wa ofisi ya mizigo, katika mkutano wa tawi. Wanachama waliokuwa zamu siku ile waliomba yaandikwe, na Katibu ameyapiga chapa kama yalivyosemwa.



Kwanza naomba radhi. Mimi si mtu wa hotuba. Elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni tu, na kazi yangu mnaijua: napima mizigo na kuandika stakabadhi. Lakini mtu akipima mizigo kwa miaka kumi na mmoja, hujua jambo moja kuliko profesa, nalo ni kwamba kila shilingi ya mzigo hutoka katika mfuko wa mtu.

Mwezi uliopita ililetwa hoja hapa. Ndugu wengine walisema chama kiombe tulipwe fedha kidogo kwa kila mzigo uliozidi tutakaoushika mlangoni. Walisema, watu wa mabasi hupata, kwa nini sisi tusipate? Ndugu mmoja akaongeza kwamba hata Marekani wafanyi kazi wa ndege hulipwa hivyo. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga makofi wala sikupinga, kwa kuwa sikuwa na habari kamili. Niliomba mwezi mmoja nikatafute, na Mwenyekiti akanipa. Leo nimekuja kulipa deni langu.

Nimesoma habari hizo usiku baada ya zamu, pamoja na mpwa wangu aliye chuoni. Nimeona kwamba yule ndugu alisema kweli, lakini alisema nusu ya kweli. Basi nitaeleza ndege za Marekani zilikuwaje zamani, ziligeuka namna gani, nani alipata na nani alipoteza. Kisha nitarudi kwenye hoja yetu. Anayetaka kusinzia asinzie sasa, maana mwisho nitamwamsha.

ZAMANI

Katika Marekani, tangu mwaka 1938, kampuni ya ndege haikuwa na ruhusa ya kufanya ipendavyo. Serikali iliweka halmashauri ya ndege. Halmashauri hiyo ndiyo iliyosema kampuni gani iruke, ipite njia gani, na abiria alipe nauli gani. Kampuni ikitaka kuanza safari mpya kutoka mji huu mpaka mji ule, sharti ipeleke maombi, na kampuni nyingine ziliweza kuja kupinga. Shauri moja liliweza kuchukua miaka. Kwa muda wa miaka 40 hakuna kampuni mpya hata moja iliyokubaliwa kuingia katika safu ya kampuni kubwa za njia kuu.

Mpango huu ulikuwa na wema wake. Kampuni hazikuogopa kufilisika. Vyama vya wafanyi kazi vilikuwa na nguvu, na mishahara ilikuwa mizuri, kwa sababu kampuni ilijua kwamba gharama ikiongezeka halmashauri itaruhusu nauli ipande. Na tikiti ilikuwa kitu kimoja: ulilipa mara moja, ukapata kiti, mzigo wako ukachukuliwa, na chakula ukaletewa.

Lakini ulikuwa na ubaya wake pia, nami sitauficha kwa sababu ninasema mbele ya watu wa chama. Nauli zilikuwa juu. Mtu wa kawaida alipanda basi akaitazama ndege kwa macho tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndege nyingi zilikuwa zikiruka na karibu nusu ya viti vitupu, wala nauli haikushushwa ili vijae. Kampuni zilishindana kwa mapambo. Moja iliweka hata piano ndani ya ndege mwaka 1971.

Katika safari za kuvuka bahari nako, ambako kampuni zilipatana nauli kati yao wenyewe, mwaka 1958 palitokea ugomvi mkubwa juu ya mkate. Walikuwa wameafikiana kwamba abiria wa nauli ya chini apewe sandwichi tu. Kampuni ya Scandinavia ikapanga juu ya mkate nyama na vitu vingine vingi, hata ikawa karamu. Kampuni ya Marekani, Pan American, ikaenda kushitaki kwamba hiyo si sandwichi. Mnacheka, lakini wekeni jambo hili moyoni. Bei ikifungwa, kampuni hushindana kwa mkate. Bei ikifunguliwa, mkate wenyewe huuzwa.

JINSI MAMBO YALIVYOGEUKA

Halmashauri ile ilikuwa na amri juu ya ndege zinazovuka kutoka jimbo moja mpaka jimbo jingine tu. Ndege iliyoruka ndani ya jimbo moja haikuihusu. Huko California na Texas zilikuwako kampuni za namna hiyo, na nauli zao zilikuwa rahisi. Mwaka 1975 Seneta Edward Kennedy alifanya baraza la kuuliza habari hiyo. Wakaona kwamba kutoka Los Angeles mpaka San Francisco, ndani ya California, abiria alilipa karibu nusu ya nauli ya kutoka Boston mpaka Washington, na safari hizo mbili hazipitani sana kwa urefu. Watu wakauliza: ikiwa huyu aweza kuruka kwa nusu, halmashauri yatulinda sisi au yazilinda kampuni?

Swali hilo lilikuwa la haki. Wala msidhani waliouliza walikuwa matajiri peke yao. Ralph Nader, mtetezi mashuhuri wa wanunuzi, aliunga mkono kuondolewa kwa amri za nauli. Kampuni nyingi zilipinga mwanzoni, ingawa United ilikubali. Vyama vya wafanyi kazi wa ndege vilipinga pia, vikasema kwamba mashindano ya nauli yatageuka kuwa mashindano ya mishahara.

Mwaka 1977 Rais Carter alimweka Alfred Kahn, mwalimu wa mambo ya uchumi wa chuo kikuu cha Cornell, awe mwenyekiti wa halmashauri. Mtu huyu alipewa nyumba, naye akaanza kuibomoa kutoka ndani. Tarehe 24 Oktoba 1978 Rais akatia sahihi sheria mpya. Njia zikafunguliwa, nauli zikaachiwa, na mwisho wa mwaka 1984 halmashauri yenyewe ikafungwa. Amri za usalama wa ndege hazikuondolewa. Zilikuwa chini ya idara nyingine, nazo zikabaki.

Ndugu zangu wa reli, msidhani moto huo uliishia angani. Oktoba 1980 ilipitishwa sheria ya namna hiyo juu ya reli za Marekani. Mwaka ule reli kubwa zilikuwa na wafanyi kazi zaidi ya 450,000. Kufika mwaka 2000 hawakufika 200,000. Mashine mpya zilichukua kazi nyingi, ni kweli, si sheria peke yake. Lakini aliyepoteza kazi hakuulizwa kama ameondolewa na mashine au na sheria.

NANI ALIPATA

Tuseme kweli. Abiria alipata. Ukihesabu thamani ya fedha ya siku zile na ya siku hizi, nauli za ndani ya Marekani zimeshuka kwa zaidi ya theluthi moja, hata ukiongeza malipo ya mizigo. Mwaka 1978 kampuni za Marekani zilichukua abiria kama milioni 275. Mwaka 2019 zilichukua zaidi ya milioni 900. Mpishi na mwalimu wa shule walianza kuruka kwenda kuwaona wazee wao. Mtu wa chama asiyeweza kukiri jambo hili hatasikilizwa na mtu ye yote, wala hastahili kusikilizwa.

NANI ALIPOTEZA

Miji midogo ilipoteza kwanza, maana kampuni zilikimbilia miji yenye watu wengi. Sheria yenyewe ilibidi iweke fedha za serikali ili ndege ziendelee kutua katika baadhi ya miji hiyo, na fedha hizo zinatolewa hata leo.

Kampuni nazo zilianguka. Braniff ilifungua njia nyingi kwa pupa mara baada ya sheria, na tarehe 12 Mei 1982 ikasimama. Eastern ilifungwa Januari 1991, baada ya mgomo mkubwa wa mafundi ulioanza mwaka 1989. Pan American, ile ile iliyoshitaki juu ya sandwichi, ilikufa Desemba 1991. Zilizobaki zikaoana. Delta ilichukua Northwest, United ikaungana na Continental, American ikaungana na US Airways. Leo kampuni nne huchukua kama abiria wanane katika kila kumi wa safari za ndani. Waliosema wanafungua mlango ili waingie wengi, leo wanaona nyumba ina wenyewe wanne.

Sasa wafanyi kazi. Septemba 1983 kampuni ya Continental ilikwenda mahakamani ikajitangaza imefilisika, hali ndege zake bado zinaweza kuruka. Kwa njia hiyo ilivunja mapatano yake na vyama. Watu kama 12,000 walisimamishwa. Baada ya siku chache ndege ziliruka tena na watu kama 4,000 tu, na wengi wao kwa mshahara wa nusu. Mwaka ule ule American ilileta mishahara ya ngazi mbili. Aliyekwisha kuajiriwa alibaki na mshahara wake, na aliyeajiriwa baadaye alipata mdogo kwa kazi ile ile. Fikirini, watu wawili wanashika mzigo mmoja, huyu huku na huyu kule, na mmoja amelipwa pungufu. Je, watakaa katika chama kimoja kwa moyo mmoja?

Na hapa nataka msikilize sana. Katika sheria ile ya mwaka 1978 palikuwa na kifungu cha kuwatuliza wafanyi kazi. Kilisema kwamba mtu aliyefanya kazi miaka minne au zaidi, akipoteza kazi kwa sababu ya sheria hii katika miaka kumi ijayo, atapewa msaada wa fedha kila mwezi, na atakuwa wa kwanza kuajiriwa na kampuni nyingine. Maneno mazuri kabisa. Lakini fedha za kutimiza msaada huo hazikutengwa. Kanuni za kuajiriwa kwanza zilichelewa mpaka mwaka 1985, wakati watu wengi walikuwa wamekwisha kutafuta kazi nyingine au kukata tamaa. Ahadi ni deni, lakini deni lisilo na mfuko ni karatasi.

MALIPO YA MIZIGO

Tuje kwenye mizani sasa. Kampuni ziliposhindana kwa nauli, kila moja ilitaka nauli yake ionekane ndogo kuliko za wenzake. Basi wakaanza kuichambua tikiti kama mtu anayemchambua kuku: shingo bei yake, paja bei yake. Kampuni moja iliyoitwa People Express, iliyoanza mwaka 1981, ilimtoza abiria dola 3 kwa kila mzigo, na chakula alinunua mwenyewe. Kampuni hiyo haikufika mbali, lakini mbegu ilikuwa imepandwa.

Mwaka 2008 mafuta yalipanda bei sana duniani. American ikatangaza kwamba tangu Juni mwaka huo mzigo wa kwanza ni dola 15. Wengine wakafuata. Walisema ni kwa sababu ya mafuta. Kabla mwaka haujaisha mafuta yakashuka, na dola 15 hazikushuka. Mwaka 2007 kampuni za Marekani zilikusanya kama dola milioni 464 kwa mizigo. Mwaka 2009 zilikusanya dola bilioni 2.7. Mwaka 2023 zilipita bilioni 7.

Kuna na siri nyingine. Nauli ya ndani hukatwa kodi ya asilimia 7.5, na kodi hiyo huingia katika mfuko wa kutengeneza viwanja na kuendesha kazi ya kuongoza ndege. Malipo ya mzigo hayakatwi kodi hiyo. Basi kila dola inayohamishwa kutoka nauli kwenda mzigo inapita nyuma ya ofisi ya kodi.

Kampuni moja, Southwest, ilijisifu kwa zaidi ya miaka 50 kwamba kwake mizigo haina malipo. Wengi walidhani hiyo haitageuka. Februari 2025 ilitangaza kuwaondoa watu 1,750 wa maofisini, na tangu tarehe 28 Mei 2025 ikaanza kutoza dola 35 kwa mzigo wa kwanza na 45 kwa wa pili.

Wanaotetea malipo haya wana neno lao, na ni neno la maana. Wanasema: kwa nini asiye na mzigo amlipie mwenye mzigo? Mimi karani wa mizigo siwezi kulipinga. Sisi wa reli tumetoza mizigo iliyozidi tangu zamani, na ni haki, maana mzigo una uzito, huchukua nafasi, na hutaka mtu wa kuubeba.

Lakini niambieni: kiti kina uzito gani? Novemba 2024 kamati ya Baraza la Seneti la Marekani ilitoa taarifa kwamba kampuni tano zilikusanya dola bilioni 12.4 kati ya mwaka 2018 na 2023 kwa kuuza nafasi ya kuchagua kiti tu. Abiria amekwisha kulipa nauli. Kiti atapewa. Analipa ili asikae mbali na mtoto wake. Hapo halipwi mtu wa kubeba, wala halichomwi tone la mafuta zaidi. Hapo kinachouzwa ni hofu ya mzazi.

Aprili 2024 serikali ya Marekani ilitoa kanuni kwamba kampuni zimwonyeshe abiria malipo ya mzigo mara ya kwanza anapoonyeshwa nauli. Kampuni zilikwenda mahakamani, na Julai mwaka ule ule mahakama ikaisimamisha kanuni hiyo. Kumbe walichogombania ni mtu asijue bei mapema.

WATU WA MLANGONI

Na sasa ninawaamsha mliosinzia. Taarifa ile ile ya Seneti ilisema kwamba kampuni mbili, Frontier na Spirit, zililipa dola milioni 26 katika mwaka 2022 na 2023 kwa watu wa mlangoni na wengine, kwa ajili ya kuwashika abiria ambao mikoba yao imezidi. Katika Frontier mtu aliweza kupata mpaka dola 10 kwa mkoba mmoja. Hayo ndiyo aliyoyasikia ndugu yetu, na ndiyo tunayotaka kuyaomba.

Nitawaambia sasa jambo langu mwenyewe, ingawa si la kujisifu. Kabla ya kuingia reli nilifanya kazi katika kampuni moja ya mabasi, jina lake nitaliacha. Nilikuwa kijana wa miaka 22. Nilisimama penye mizani, na kwa kila mzigo uliopita kilo 15 nilipewa shilingi 20. Mizani ile ilikuwa mbovu. Sindano yake haikurudi kwenye sifuri. Ilisimama kwenye kilo moja hata kama hakuna kitu juu yake. Nililijua jambo hilo, na mkubwa wangu alilijua.

Siku moja alikuja mama mmoja mtu mzima. Alikuwa akienda kumtazama binti yake aliyejifungua, na amechukua kiroba cha unga wa wimbi kwa ajili ya uji wa mzazi. Sindano ikasema kilo 15 na nusu. Nikamtoza shilingi 150. Akafungua kitambaa chake, akahesabu mara mbili, akaniambia, "Mwanangu, na matatu ya kutoka mjini mpaka kwa binti yangu nitailipa na nini?" Nikamjibu, "Mama, hiyo ni sheria." Haikuwa sheria. Ilikuwa shilingi 20. Jioni nilinywa chai na mandazi kwa shilingi zile.

Katika shule ya misheni mwalimu wetu alituonya sana juu ya mizani isiyo ya haki. Nilidhani maonyo yale ni kwa wafanyi biashara wakubwa. Sikujua kwamba mtu wa mshahara mdogo aweza kununuliwa awe sindano mbovu.

Lakini acheni dhamiri kando, tuhesabu kama watu wa chama. Katika kampuni ile mshahara wetu haukuongezwa kwa miaka mitatu. Tulipoomba nyongeza, mwenye mali alijibu, "Nyongeza yenu iko juu ya mizani." Mwezi wa mavuno mizigo ilikuwa mingi, tukafurahi. Mwezi wa ukame watu walisafiri na mikono mitupu, na watoto wetu wakala kidogo. Nasi wa mizani tulipata, lakini wafagiaji na waliopakia mizigo hawakupata, kwa hiyo tulipotaka kusimama pamoja hawakutuamini. Na abiria akikasirika hakumpiga mwenye kampuni, maana hakumwona. Alimpiga mwenzangu.

Ndipo nikaelewa. Kampuni inaposhusha nauli mbele ya watu na kuipandisha nyuma ya mlango, yahitaji mtu wa kusimama penye mlango huo. Wakitulipa kwa mshahara, sisi ni wafanyi kazi. Wakitulipa kwa kila abiria tunayemkamata, tumekuwa wawindaji, na abiria ndiye mnyama. Siku tutakapogoma tukahitaji wananchi wasimame nasi, watatukumbuka kwa lipi?

HAYA SI YA MBALI

Msiseme mambo haya ni ya Marekani tu. Nchi za Afrika zilipatana mjini Yamoussoukro mwaka 1999 kufungua anga kati yao, na Januari 2018 Umoja wa Afrika ulianzisha soko moja la ndege. Kenya ni mojawapo ya nchi zilizotia sahihi. Mimi sisemi ni vibaya. Nauli kati ya miji ya Afrika ni ghali mno, na mwananchi astahili kupumzishwa. Na tikiti za bei ya chini ambazo mzigo hulipiwa mbali tunazo hapa kwetu. Lililoanzia kwenye ndege laweza kufika kwenye gari moshi, kama lilivyofika Marekani katika miaka miwili.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naleta masahihisho ya hoja, nayo ni matatu.

La kwanza, chama kisiombe malipo ya kila mzigo. Kiombe nyongeza katika mshahara wenyewe, kwa wote washikao mizigo, wa mizani na wa kupakia sawasawa.

La pili, chama kiombe bei yote iandikwe wazi kwenye dirisha la tikiti, na kila mizani ijaribiwe kila mwezi mbele ya watu. Mtu akijua bei kabla ya kutoa fedha, hatagombana na karani.

La tatu, tukiletewa mpango wo wote wa kugeuza usafiri huu, na ndani yake pawe na maneno mazuri juu ya wafanyi kazi, tuulize kwanza: fedha ziko katika mfuko gani, ni kiasi gani, na zitatolewa lini? Wenzetu wa Marekani walipewa kifungu bila mfuko.

Ndugu aliyeleta hoja ni rafiki yangu, naye ana watoto watano. Najua kwa nini aliileta. Shida yake ni shida yangu. Nasema tu kwamba fedha tunazozitafuta ziko kwa mwajiri, haziko katika kitambaa cha yule mama.

Nimemaliza. Umoja ni nguvu.

Baada ya hotuba hii aliyeleta hoja alisimama akasema kwamba hatakubali wala kukataa mpaka apate hesabu ya nyongeza itakayoombwa. Mkutano ulikubali. Hoja pamoja na masahihisho yake itapigiwa kura katika mkutano ujao. Mwanachama mwenye maoni na ayalete kwa Katibu kwa maandishi, hata kama ni mistari miwili.